Mistari, Utepe na Mpaka: Historia ya Dhana ya Spektra Ikitazamwa kutoka Mpondwe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya dhana ya spektra kutoka kwenye mche wa kioo wa Newton hadi kwenye hisabati ya Hilbert, na kutoka hapo hadi kwenye redio, simu na kipimajoto cha mpakani. Kituo cha kutazamia ni Mpondwe, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Hoja inayojengwa ni kwamba tofauti kati ya spektra tenganifu na spektra isiyokatika mara nyingi haitokani na kitu chenyewe, bali na mipaka ambamo kitu hicho kimewekwa. Makala yanaonesha pia kwamba maneno mawili yanayopendekezwa mara kwa mara kuieleza spektra isiyokatika kwa Kiswahili, yaani endelevu na mfululizo, yana kasoro ambazo ni nafuu kuzirekebisha sasa, kabla hayajaingia katika vitabu vya shule.

Utangulizi

Katikati ya mwaka 2019 nilivuka Mpondwe nikielekea Kasindi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini ulikuwa haujazimwa, na tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilikuwa imethibitisha mgonjwa wa kwanza wilayani Kasese, mtoto aliyeingia kutoka Congo. Kila mpitaji alinawa mikono, kisha akasimama mbele ya mhudumu aliyeshika kipimajoto chenye umbo la bastola. "Mwalimu, samahani, simama hapa kidogo," niliambiwa. Nikasimama, kifaa kikaelekezwa kwenye paji la uso, tarakimu zikatokea, nikaruhusiwa kupita.

Mama aliyekuwa nyuma yangu, mwenye furushi kichwani, hakupita. Alikuwa ametembea juani kwa muda mrefu, na tarakimu zake zilivuka kizingiti. Mhudumu hakumfokea. "Mama, kaa kivulini upumzike, tutapima tena." Baada ya muda alipimwa mara ya pili, akaonekana mzima, akaendelea na safari yake. Nilimsikia akimuuliza mhudumu kile kifaa kimeona nini hapo kwanza ambacho sasa hakikioni. Mhudumu alijibu, "Ni joto tu, mama." Jibu hilo halikuwa na kosa, ila halikulijibu swali, nami niliyekuwa nimeishi na istilahi za sayansi kwa zaidi ya miaka 10 sikuwa na jibu bora zaidi kwa Kiswahili.

Kilichotokea ni hiki. Kila mwili wenye joto hutoa mnururisho. Mwili wa binadamu hutoa mnururisho wa infraredi wenye kila urefu wa wimbi ndani ya eneo pana, bila pengo, na kilele chake kiko kati ya mikromita 9 na 10. Hiyo ni spektra isiyokatika. Kifaa hukusanya sehemu ya mnururisho huo, hukadiria joto la ngozi, na kutoa tarakimu. Tarakimu hizo hulinganishwa na kizingiti, na mwishoni hubaki majibu mawili tu: pita, au kaa kando. Jua lilikuwa limeipasha ngozi ya yule mama, na kifaa huisoma ngozi, hakiisomi damu. Hivyo kitu kisichokatika kiligeuzwa kuwa uamuzi wa ndiyo au hapana, na haki ya mtu kuvuka ikaning'inia hapo.

Chumvi ya Katwe na shaba ya Kilembe

Historia ya neno hili kwa kawaida huanzia kwa Isaac Newton, ambaye katika miaka ya 1660 aliupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo na kuupata utepe wa rangi ukutani. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1672, na kwa ukamilifu zaidi katika kitabu chake kuhusu mwanga cha mwaka 1704. Neno spektra alilichukua kutoka Kilatini, ambako lilimaanisha kinachoonekana, na hata mzuka. Utepe huo hauna mikato: nyekundu huingia katika rangi ya chungwa, chungwa katika njano, na hakuna mahali mtu anapoweza kuweka kidole na kusema hapa moja imekwisha na nyingine imeanza. Hata hivyo, Newton aliugawa. Mwanzoni alitaja rangi kuu tano, baadaye akafikisha saba, akiongeza ya chungwa na ya nili, ili zilingane na ngazi ya sauti za muziki. Rangi saba tunazowakaririsha watoto wetu zimetokana kwa sehemu na muziki wa Ulaya wa karne ya 17.

Kiswahili nacho kimeugawa utepe huo kwa njia yake. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo zenye mizizi ya vivumishi inayochukua viambishi vya ngeli. Nyingine zimekopwa kwenye vitu: manjano kwenye bizari, zambarau kwenye tunda, samawati kwenye mbingu, na maji ya kunde kwenye chungu cha jikoni. Wapo wanaouona huu kuwa upungufu wa lugha. Sikubaliani nao. Mtu anayesema "rangi ya maji ya kunde" hadai kwamba kuna mpaka mkali kati ya rangi hiyo na jirani zake. Anataja mfano, na kumwachia msikilizaji kukadiria umbali.

Jambo ambalo Newton hakuliona lilionekana mwaka 1802, William Wollaston alipogundua mistari michache myeusi katika utepe wa jua. Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa miwani kutoka Bavaria, alianza kuichunguza upya kwa vioo bora zaidi na akachora ramani ya mistari 574, akiipa ile mikubwa herufi. Fraunhofer hakujua mistari hiyo ilitokana na nini. Aliihitaji kwa sababu ilikuwa alama thabiti za kupimia ubora wa vioo vyake. Sababu ilisubiri hadi 1859 na 1860, ambapo Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen huko Heidelberg walionesha kwamba kila elementi ikichomwa hutoa mistari yake yenyewe, na kwamba gesi yenye ubaridi zaidi hufyonza mistari ileile kutoka katika mwanga unaopita ndani yake. Kitu kigumu kilichopata moto, kama kaa au waya, hutoa utepe usiokatika. Gesi nyepesi iliyopashwa hutoa mistari iliyotengana.

Hapa msomaji wa Kasese hahitaji maabara ya Heidelberg. Ziwa Katwe, lililo katika shimo la volkano ndani ya wilaya hiyohiyo, limetoa chumvi inayouzwa pande zote mbili za mpaka tangu kabla ya kuwapo kwa mpaka wenyewe. Chumvi hiyo ina mchanganyiko wa kloridi, kabonati na salfati, lakini yote hayo yana sodiamu. Ukiinyunyiza chembe yake kwenye moto, ulimi wa moto hugeuka njano kali. Njano hiyo, tofauti na ile ya utepe wa Newton, ni mistari miwili iliyokaribiana sana, ya nanomita 589.0 na 589.6, na ndiyo ileile ambayo Fraunhofer aliipa herufi D. Kwa upande wa milimani, shaba iliyochimbwa Kilembe tangu katikati ya miaka ya 1950, wakati reli ilipofika Kasese, huupa moto rangi ya kijani. Ndani ya wilaya moja, basi, mwalimu wa sayansi anaweza kupata elementi mbili zenye saini mbili tofauti, na makaa ya mkaa yanayotoa mwanga usiokatika. Nimeona madarasa ambamo somo hili hufundishwa kwa mchoro uliochapishwa Ulaya, huku chumvi iko jikoni.

Bunsen na Kirchhoff walitumia mbinu hiyo kugundua elementi mpya: siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Zote mbili walizipa majina ya Kilatini ya rangi za mistari yao, ya kwanza ikiwa ya samawati na ya pili nyekundu iliyokolea. Njia waliyoitumia kuunda majina, yaani kutaja rangi kwa kuangalia kitu, ndiyo ileile iliyotupatia manjano na zambarau.

Uzi uliofungwa ncha mbili

Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu katika shule ya wasichana huko Basel, alitafuta kanuni ya mistari minne ya haidrojeni inayoonekana kwa macho, yenye nanomita 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2. Aliipata, nayo ilitumia namba kamili 3, 4, 5 na 6. Kwa nini maumbile yahesabu kwa namba kamili? Swali hilo lilikaa bila jibu hadi Niels Bohr alipotoa lake mwaka 1913, na jibu lenyewe likahitaji kujengwa upya baada ya miaka 12 au 13.

Wakati huohuo wanahisabati walikuwa wanapita njia nyingine. Chukua uzi wa zeze uliofungwa ncha mbili. Ukiupiga, hauwezi kutoa masafa yoyote tu. Hutoa sauti ya msingi, kisha mara 2 yake, mara 3, mara 4 na kuendelea. Ukiurefusha uzi bila kubadilisha mvuto wake, masafa hayo hukaribiana. Ukiurefusha mara mia, hukaribiana mara mia. Kama uzi ungekuwa hauna mwisho, nafasi kati ya sauti na sauti zingepotea kabisa, na masafa yote yangewezekana. Uzi ni uleule, na fizikia yake ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mipaka imeondolewa. Katika mfano huu ncha zilizofungwa ndizo zinazozaa utengano.

Mwaka 1897 Wilhelm Wirtinger alilitumia neno spektra ndani ya hisabati, kwa kufananisha na matepe ya mwanga. David Hilbert wa Göttingen alilipa neno hilo msingi imara katika kazi zake za milinganyo ya integrali, na mwaka 1906 alitofautisha spektra ya nukta na spektra ya vipande vya mstari. Hermann Weyl, mwanafunzi wake, mwaka 1910 alionesha jinsi zote mbili zinavyotokea katika milinganyo kwenye mstari usio na mwisho. Wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutarajia kwamba spektra ya wanahisabati na ile ya Fraunhofer zingekuja kuwa kitu kimoja. Ilipofika 1925 na 1926, katika kazi za Werner Heisenberg na Erwin Schrödinger, na hatimaye katika kitabu cha John von Neumann cha mwaka 1932, ikadhihirika kwamba nishati za atomu ni spektra kwa maana ya Hilbert. Neno lililokopwa kama mfano likarudi nyumbani likiwa na maana halisi. Katika historia ya istilahi sijui mkopo mwingine uliolipa faida kubwa hivyo.

Atomu ya haidrojeni inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inabeba aina zote mbili. Elektroni iliyofungwa na kiini ina nishati zilizotengana. Kadiri zinavyopanda, ngazi hizo hukaribiana, zikisongamana chini ya kizingiti kimoja. Elektroni inayotoka ngazi ya chini kabisa ikipewa elektroni-volti 13.6, hufika kizingiti hicho. Ikipewa zaidi, huwa huru, na kuanzia hapo nishati yoyote inawezekana. Kwa hiyo kuuliza kama haidrojeni ni tenganifu au haikatiki ni kuuliza swali pungufu. Inategemea kama elektroni imefungwa au imeachiliwa.

Historia ya Max Planck ni kinyume cha hiyo. Mwaka 1900 alitafuta maelezo ya spektra ya miili yenye joto, ileile isiyokatika inayosomwa na kipimajoto cha Mpondwe, na akalazimika kuchukulia kwamba nishati hubadilishwa kwa vipande. Mstari laini kuliko yote katika fizikia ulihitaji hesabu ya vipande ili uelezeke.

Sauti, redio na simu

Kwa mtafiti wa lugha, ushahidi ulio karibu zaidi ni mdomo wake mwenyewe. Mashine ya kuchora spektra za sauti iliyotengenezwa katika Bell Laboratories miaka ya 1940 ilituwezesha kuona usemi kama picha. Tamka neno shaba. Sauti ya kwanza ni kelele ya hewa inayopita kwenye mwanya; nishati yake imetapakaa katika eneo pana la masafa bila mistari. Irabu inayofuata hutoka kwenye nyuzi za sauti zinazotetema kwa mpigo karibu sawa, na picha yake ni safu ya mistari iliyopangana. Neno moja la silabi mbili limebeba spektra ya aina zote mbili, na sikio halioni ajabu yoyote.

Wahandisi walichukua hatua zaidi. Claude Shannon mwaka 1949, na kabla yake Vladimir Kotelnikov mwaka 1933, walithibitisha kwamba ishara isiyokatika yenye ukomo wa masafa inaweza kurudishwa nzima kutokana na sampuli zilizotengana, mradi sampuli zichukuliwe kwa wingi unaozidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa. Ndiyo maana mtandao wa simu wa kidijitali hutosheka na sampuli 8,000 kwa sekunde. Redio ya FM nayo, katika kanda ya kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambayo Afrika imo, hutumia masafa kati ya megahezi 87.5 na 108, nayo hugawanywa kwa hatua za kilohezi 100. Mgawanyo huo umo katika karatasi za mamlaka tu. Wimbi linalorushwa upande mmoja wa mto Lhubiriha halisimami darajani kuoneshana pasi, na kwa sababu hiyo majirani wanapaswa kuratibu.

Mpaka wenyewe

Mpaka huu una historia inayofanana mno na somo letu. Mkataba wa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Congo ulitumia longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Namba ilichaguliwa kwenye kipimo kisichokatika, mezani Ulaya, kabla ya mtu yeyote kupima kwa usahihi inaangukia wapi ardhini. Mpondwe iko karibu na nyuzi 29.7, na Katwe nayo iko magharibi ya 30. Kama namba ingefuatwa kama ilivyo, Bwera yote na chumvi ya Katwe zingekuwa Congo. Makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yaliiacha namba na kuchukua alama za ardhi: vilele vya Rwenzori na mito.

Lugha za hapo hazikusubiri makubaliano. Kinachoitwa Lhukonzo upande wa Uganda na Kinande upande wa Congo ni usemi unaosikilizana kutoka kijiji hadi kijiji. Orodha za wanaisimu huzipa namba mbili, JD41 na JD42, na viwango vya kimataifa huzipa misimbo miwili, koo na nnb. Sisemi namba hizo hazina kazi; maktaba haiwezi kupanga vitabu kwenye utepe. Ila tusisahau nani aliyefunga uzi, na wapi. Kiswahili kiko vivyo hivyo. Kutoka darasa la Bwera, ambamo mwalimu husisitiza watu na watoto, hadi soko la Kasindi, ambako utasikia batu na batoto, kuna ngazi nyingi za kati, na mfanyabiashara mmoja hupanda na kushuka ngazi hizo mara kadhaa kabla ya adhuhuri.

Suala la istilahi

Mwaka 2022 mambo mawili yalibadilisha uzito wa jambo hili. Mnamo Julai Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mpondwe ikawa mpaka wa ndani ya Jumuiya, unaokutanisha wataalamu waliosoma sayansi kwa Kiingereza na waliosoma kwa Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachobaki kati yao, lakini hakiwezi kufanya kazi hiyo kikiwa na maneno yanayoteleza.

Neno endelevu ndilo hupendekezwa kwanza, na sarufi yetu imeshazoea kusema hali endelevu. Lakini maendeleo endelevu yamekwisha kulimiliki katika sera. Mshauri wa serikali akisoma "matumizi ya spektra endelevu" katika hati ya mawasiliano, ataelewa matumizi yasiyomaliza rasilimali, na hatakuwa na kosa. Katika kikao kimoja cha istilahi nilichohudhuria tulibishana nusu saa juu ya sentensi ya namna hiyo kabla ya kugundua kwamba kila upande ulikuwa unazungumzia kitu tofauti.

Neno mfululizo linavutia zaidi, na mimi mwenyewe nililitetea kwa miaka kadhaa. Kasoro yake ni kubwa kuliko ile ya endelevu. Vitabu vya hisabati hutumia mfululizo kwa namba zinazofuatana moja baada ya nyingine, yaani kwa kitu kilichotengana. Mistari ya Balmer ni mfululizo wa Balmer. Tukisema spektra mfululizo kwa maana ya utepe usio na pengo, mwanafunzi atakutana na neno moja lenye maana mbili zinazopingana, katika sura moja ya kitabu kimoja.

Kwa upande wa pili wapo wanaopenda spektra hesabika, wakitegemea tofauti ambayo Kiswahili chenyewe huiweka: mawe mangapi, lakini maji kiasi gani. Tofauti hiyo ni nzuri kwa kumwanzishia mtoto somo. Kwa istilahi haitoshi, kwa sababu namba zote za sehemu, kama nusu, theluthi na mbili ya tano, zinahesabika, na bado zimesongamana kiasi kwamba hakuna hata moja iliyo peke yake. Kuna spektra za nukta za aina hiyo katika hisabati. Kinachotakiwa ni kutengana, yaani kila nukta kuwa na nafasi tupu pande zake zote.

Napendekeza, basi, spektra tenganifu kwa ile ya kwanza, kutoka kitenzi tengana, na spektra isiyokatika kwa ile ya pili. La pili ni kirai, si neno moja, na litalaumiwa kwa urefu. Nimelijaribu kwa walimu wa Bwera na kwa wenzao kutoka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyeniomba nilifafanue. Fizikia ya sekondari inaweza kubaki na spektra ya mistari, ambayo ni sahihi kwa mwanga, lakini isipelekwe kwenye sauti wala kwenye hisabati. Kizingiti kibaki kizingiti, kiwe cha haidrojeni au cha kipimajoto. Neno spektra lenyewe liwekwe katika ngeli ya I-ZI, spektra hii na spektra hizi, bila kiambishi cha wingi. Nimekwisha kuona maspektra katika rasimu mbili za vitabu vya kiada, na moja ilikuwa karibu kwenda mtamboni.